Nibaki na JavaScript au nianze Kotlin upya? Jibu kwa msomaji wa Kiwira

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Kiwira, Rungwe. Nina miaka miwili natengeneza tovuti kwa JavaScript. Chama chetu cha ushirika cha wakulima wa parachichi kimeniomba programu ya simu ya kuandikia kilo za kila mkulima vituoni, na vituo viwili vya juu mlimani havina mtandao kabisa. Binamu yangu aliye Dar anasema programu ya kweli ni ya Kotlin (lugha ya kuandikia programu za Android), hizi za JavaScript ni tovuti zilizovalishwa koti. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8. Mwenyekiti wetu naye ana iPhone, anataka aione kwake pia. Nishike lipi?

Marahaba, binti yangu. Nakupa jibu kwanza, maelezo baadaye. Baki na JavaScript uliyoizoea, shika React Native (zana ya kutengenezea programu za simu kwa JavaScript) kwa kupitia Expo, weka kumbukumbu zote ndani ya simu kwa SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa humo humo. Kotlin utaihitaji, lakini kidogo, na si leo. Ya iPhone tutayamaliza mwishoni.

Sasa binamu yako. Hajadanganya, ila amechanganya mafungu. Zana za kutengenezea programu za simu kwa lugha ya skripti, kama JavaScript, Python au Lua, si ukoo mmoja. Ukitaka kuzipambanua, jiulize: karani anapogusa kitufe kwenye kioo cha simu, kitufe kile ni cha nani?

Kuna zana ambazo kitufe chake ni cha ukurasa wa wavuti. Hapo wapo Cordova na Capacitor. Unaandika HTML na JavaScript kama ulivyozoea, kisha programu inafungua kivinjari kisicho na sehemu ya anwani, kinachoitwa WebView, na ukurasa wako unakaa humo. Mzazi wa Cordova ni PhoneGap, kazi ya kampuni ya Nitobi iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2011, na msimbo wake ukakabidhiwa shirika la Apache. Hilo ndilo koti analolisema binamu yako. Mimi silidharau koti hilo. Kwa fomu ya mistari mitano lingekutosha, na kwa baridi ya huko kwenu koti si tusi. Kinachonizuia kukushauri ulivae ni jambo moja la vijijini kwetu. Tangu Android 5.0, WebView husasishwa kupitia Play Store, si pamoja na mfumo wa simu. Mjini hilo ni jema. Lakini karani anayenunua bando la siku kwa ajili ya WhatsApp hasasishi kitu, kwa hiyo simu yake inaweza kuwa na WebView ya miaka minne iliyopita. Ukurasa unang'aa kwenye simu yako, kwake unatoka mweupe kama karatasi, wala hakuna ujumbe wa kosa wa kukusaidia kutafuta tatizo.

Kuna zana nyingine ambazo kitufe si cha wavuti wala si cha simu, kimechorwa. Zana inaomba kipande cha skrini kitupu, inachora kila kitu yenyewe kama mchoraji wa mabango. Flutter inafanya hivyo, Kivy ya Python inafanya hivyo, na Solar2D ya Lua, ambayo zamani iliitwa Corona, inafanya hivyo pia, ingawa hiyo hasa ni ya michezo. Wengi watakutajia Flutter, na ni zana nzuri, sitagombana nao. Ila lugha yake ni Dart, na ukiandaa programu ya kusambaza, Dart inageuzwa mapema kuwa maagizo ya mashine, haibaki skripti tena. Ukishakubali kujifunza lugha mpya kwa ajili ya kazi hii, hoja ya binamu yako inapata nguvu: kwa nini basi isiwe Kotlin?

Halafu kuna fungu linalokuhusu, ambalo kitufe ni cha simu yenyewe. Unaandika JavaScript, lakini kinachotokea kwenye skrini ni kitufe kilekile ambacho mwandishi wa Kotlin angekipata. Titanium ilikuwa ya kwanza kupata umaarufu kwa njia hii, ikifika kwenye simu mwaka 2009. NativeScript na React Native zilifuata, zote mbili zikitoka hadharani mwaka 2015. Ukiandika sehemu ya maandishi kwenye React Native, Android inaonyesha maandishi yake na iPhone inaonyesha yake. Mtu akiongeza ukubwa wa herufi kwenye mipangilio ya simu kwa sababu macho yamechoka, programu yako inafuata bila wewe kufanya kazi ya ziada. Kwa makarani wazee wa vyama vyetu, hilo peke yake ni sababu ya kutosha.

Kwa hiyo kwa binamu yako jibu ni kwamba koti lipo, lakini si zana zote zimelivaa.

Hapa naomba univumilie nikae kidogo, maana ndipo watu wanapoumia bila kujua kilichowaumiza. Kama kitufe ni cha simu, na maelekezo yameandikwa kwa JavaScript, nani anawaunganisha? Simu ya Android haijui JavaScript. Kwa hiyo ndani ya programu yako unabeba injini yake, mashine ndogo inayosoma skripti. Kwenye React Native ya leo injini hiyo inaitwa Hermes. Facebook waliitangaza mwaka 2019 wakiwa na simu za bei nafuu za Android akilini, na tangu toleo la 0.70 la mwaka 2022 ndiyo inayokuja bila kuombwa. Upekee wake ni kwamba skripti yako haisomwi upya kila programu inapofunguliwa. Unapoiandaa kwenye laptopu, inageuzwa kabisa kuwa baitikodi, maagizo mafupi ambayo injini inayasoma haraka, na simu inachukua kurasa inazozihitaji tu kutoka kwenye faili. Kwenye simu yenye RAM ya GB 1 au 2, tofauti unaiona kwa macho: programu inafunguka kabla karani hajaanza kunung'unika.

Injini ni upande mmoja, kitufe ni upande wa pili. Katikati pana mawasiliano, na hapo ndipo React Native ilipokuwa ikilaumiwa kwa miaka. Ilikuwa na kitu kilichoitwa daraja. JavaScript ikitaka kubadili kitu kwenye skrini, iliandika ujumbe kwa maandishi ya JSON, ikaufunga pamoja na wenzake, ikautuma, ikaendelea na shughuli zake bila kusubiri. Fikiria unataka kumwambia shangazi yako wa Tukuyu jambo, na njia yako pekee ni kumpa kondakta wa Coaster barua. Barua moja inafika vizuri. Barua mia mbili kwa sekunde, kwa sababu mtu anasogeza orodha kwa kidole, zinageuka lumbesa. Coaster inaondoka imeinama upande, shangazi anapokea habari za jana, na skrini inaonyesha nafasi nyeupe mahali yalipotakiwa kuwa majina.

Daraja hilo limeondolewa. Utaratibu mpya unaitwa JSI, na maana yake ni kwamba JavaScript inaweza kushika kitu kilichoandikwa kwa C++ na kukiita moja kwa moja, kama shangazi yuko jikoni na wewe uko sebuleni. Utaratibu huu ulianza kutumika kwa hiari kwanza, kisha toleo la 0.76 la Oktoba 2024 likaufanya kuwa wa kawaida. Nakueleza haya kwa sababu utakuta maelezo mengi mtandaoni yanayoilaani React Native kwa makosa ya daraja. Tazama tarehe kabla hujaamini. Utakuta pia habari kwamba Airbnb waliiacha mwaka 2018. Ni kweli waliiacha, lakini wao walikuwa wakiichomeka ndani ya programu mbili kubwa zilizokwisha andikwa kwa lugha za simu, na timu zao zikalazimika kujua pande zote. Wewe unaanza kwenye uwanja mtupu.

NativeScript ilichukua njia tofauti tangu mwanzo, na naipenda kwa sababu hiyo. Ina orodha ya kila kitu ambacho Android inakitoa, na inakuruhusu kukiita kwa jina lake kutoka ndani ya JavaScript, bila mtu kukuandikia plagini (kipande cha kuunganishia) kwanza. Unaweza kuandika android.bluetooth.BluetoothAdapter kwenye faili la JavaScript na ikafanya kazi. Ukiwa fundi uliyeiva, hiyo ni raha. Ukiwa unaanza, inabidi usome nyaraka za Android zilizoandikwa kwa Java na kuzigeuza kichwani, na wenzako wa kuwauliza ni wachache. Ungekuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu ningekuambia ijaribu. Una chama kinachosubiri msimu, kwa hiyo nakuambia React Native.

Na Python? Hukuuliza, lakini vijana wa chuo hapa Iyunga, Mbeya, hawanipi nafasi bila kuniuliza, basi nipitie haraka. Python 3.13, iliyotoka Oktoba 2024, ndiyo ya kwanza kuitambua Android na iPhone rasmi. BeeWare inatumia vitufe vya simu yenyewe, Kivy inachora vyake. Zote zinafanya kazi. Kwa Kivy, zana ya kufungashia inayoitwa Buildozer haiendi moja kwa moja kwenye Windows, inataka Linux au Mac. Nikiwa na hesabu nzito ambazo tayari zimeandikwa kwa Python ningefikiria. Kwa kuandika kilo za parachichi, hapana.

Turudi mlimani. Kosa ninalotaka usilifanye nimelifanya mimi. Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu kama yako kwa mnunuzi mmoja wa viazi upande wa Uporoto. Niliijaribu kwenye simu yangu, ambayo ilikuwa nzuri, nikiwa na wakulima kumi wa mfano niliowatunga. Siku ya kwanza shambani karani alifungua orodha ya wakulima zaidi ya mia sita kwenye simu yake ndogo, ikaganda. Watu walikuwa wamepanga foleni na magunia, mvua inatishia, na mimi nimesimama nasema "subirini kidogo." Wakarudi kwenye daftari. Tatizo lilikuwa mstari mmoja: nilikuwa nimeweka majina yote ndani ya ScrollView, ambayo inatengeneza kila jina hata lile lisiloonekana. FlatList inatengeneza yanayoonekana kwenye kioo na machache ya jirani. Nilijua tofauti hiyo. Sikuipa uzito kwa sababu majina kumi hayagandishi kitu.

Kwa hiyo chukua simu mbovu kuliko zote utakayoipata kwa makarani wako, iwe ndiyo simu yako ya majaribio, na utunge wakulima elfu moja tangu siku ya kwanza. Na usitumie emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Laptopu ya GB 8 ikiendesha emuleta ya Android, kihariri na kivinjari kwa pamoja, feni italia kama mashine ya kusaga. Waya wa USB na simu halisi ni vyepesi, na vinakuonyesha ukweli. Kabla hujaanza, kagua matoleo ya Android kwenye simu za makarani wote. Tangu toleo la 0.76, React Native haishuki chini ya Android 7. Ukikuta karani mmoja ana ya zamani zaidi ya hapo, mwambieni chama kimnunulie simu, itakuwa rahisi kuliko wewe kubaki kwenye toleo la kale kwa ajili yake.

Jambo la kilo. Fungua kivinjari chako, andika 0.1 + 0.2 kwenye sehemu ya kujaribia JavaScript. Utapata 0.30000000000000004. Si ugonjwa wa JavaScript peke yake, ndivyo kompyuta zinavyohifadhi desimali kwa mfumo wa mbili. Lakini ukijumlisha kilo za msimu mzima kwa njia hiyo, halafu ukazidisha kwa bei, siku moja mzee atakuja na daftari lake la mkono na hesabu hazitakubaliana kwa shilingi chache. Kwake hizo shilingi chache ni ushahidi kwamba mashine inaiba. Hifadhi gramu, namba kamili bila nukta. Kilo 23.4 iwe 23400. Nukta iwekwe pale tu unapoonyesha kwenye skrini au kwenye risiti. Fedha nazo hifadhi kwa shilingi kamili, na muamue mapema na chama mnapunguza au mnapandisha pale hesabu inapotoa senti.

Kuhusu kukosa mtandao, wengi hufikiria ni hali ya dharura: programu inajaribu seva (kompyuta ya mbali inayokusanya kumbukumbu), ikishindwa ndipo inahifadhi kwenye simu. Igeuze. Programu yako iandike kwenye SQLite ya simu kila wakati, hata kama mtandao upo na una nguvu. Karani akibonyeza "Hifadhi", kazi yake imekwisha hapohapo. Kando yake weka jedwali la foleni, na programu ikiona mtandao inapeleka yaliyomo, moja baada ya jingine, ikifuta kila lililothibitishwa na seva. Karani ashuke jioni hadi Kiwira barabarani, simu ipate mtandao, foleni iishe yenyewe mfukoni au mara anapoifungua.

Hapo pana mtego. Usiache seva ndiyo itoe namba ya kila mzigo, maana mlimani seva haipo. Simu yenyewe itoe jina la mzigo, kwa namba ndefu ya nasibu ile inayoitwa UUID. Faida yake utaiona siku mtandao utakapokatika katikati: simu imepeleka mzigo, seva imeupokea, lakini jibu la "nimepokea" halikufika. Simu itapeleka tena. Kama kila mzigo una UUID yake, seva itajua ni uleule na kuukubali bila kuuhesabu mara mbili. Bila hiyo, mkulima mmoja analipwa mara mbili na kikao cha chama kinakuwa cha kwako. Saa nayo usiiamini. Simu iliyozimika chaji kwa wiki inaweza kuamka na tarehe ya ajabu. Andika saa ya simu, na seva iandike saa iliyopokea, zote mbili zibaki.

Umesema kilo zinaandikwa, hukusema kama mizani ina Bluetooth. Uliza. Kama ni ya kusoma kwa macho, karani ataingiza namba kwa kidole na wewe umeokoka. Kama ina Bluetooth, uliza ni ya aina gani, maana ziko mbili na haziongei. Ile ya nguvu ndogo, inayoitwa BLE, ina maktaba nzuri (msimbo uliokwisha andikwa na wengine) kwenye React Native. Ile ya zamani inafanya kazi kwenye Android kwa maktaba nyingine, lakini iPhone haiikubali bila kifaa chenye kibali cha Apple. Hapa ndipo Kotlin yako kidogo inaweza kuingia: ukikuta mizani ambayo hakuna maktaba inayoielewa, utaandika kipande cha mistari mia hivi kwa Kotlin kinachosoma namba kutoka kwenye mizani na kuikabidhi kwa JavaScript. Na kumbuka ruhusa. Tangu Android 12 kuna ruhusa maalumu za kutafuta na kuunganisha vifaa vya Bluetooth, kabla ya hapo simu iliomba ruhusa ya mahali. Karani akiona programu ya kupimia parachichi inauliza alipo, atakataa, na ana haki. Mweleze kabla.

Expo nimekutajia bila kuieleza. Ni mkusanyiko wa zana juu ya React Native unaokuondolea kazi ya kupambana na Android Studio, zana ya kutengenezea programu za Android. Kuna programu yao, Expo Go, unaiweka kwenye simu na kuona kazi yako papo hapo. Itumie wiki za mwanzo tu. Maktaba ya Bluetooth haimo ndani yake, kwa hiyo ukifika huko utatengeneza programu yako mwenyewe ya majaribio, na hiyo ndiyo utakayoendelea nayo. Kufungasha kunaweza kufanyika kwenye seva zao kwa huduma ya EAS, ina kiwango cha bure kwa mwezi, na laptopu yako haitatoka jasho. Ukitaka kufungasha mwenyewe, mara ya kwanza Gradle, zana ya kufungashia programu za Android, inavuta mafaili mengi mno. Njoo mjini siku hiyo, tafuta mahali penye mtandao wa uhakika, usifanye kwa bando la simu.

Sasa ukubwa wa faili, maana makarani wako watalipokea kwa WhatsApp au kwa kurushiana simu kwa simu, tusijidanganye. React Native ikifungasha APK (faili la kuweka programu kwenye Android) moja ya wote, inaweka ndani nakala nne za injini na maktaba zake, moja kwa kila aina ya prosesa. Mbili kati ya hizo, x86 na x86_64, ni za emuleta na kompyuta. Kwenye simu za makarani hazina kazi. Ziondoe kwenye mipangilio ya Gradle, ubakize armeabi-v7a na arm64-v8a. Usishawishike kuondoa ile ya kwanza kwa sababu umesikia ni ya zamani. Simu nyingi za bei ya chini zinaendesha Android ya biti 32 hata pale prosesa yake inapoweza 64, na ukiiondoa programu itakataa kuwekwa kwa ujumbe usioeleweka.

Ukishasambaza, masahihisho madogo yanaweza kwenda kwa njia nyepesi. Kwa kuwa kazi yako ni skripti, unaweza kupeleka baitikodi mpya peke yake, simu ikaichukua bila kuweka APK upya. Expo wana huduma ya hilo. Microsoft walikuwa na yao iliyoitwa CodePush, ikafungwa pamoja na App Center tarehe 31 Machi 2025, kwa hiyo maelezo yoyote yanayokuelekeza huko yamepitwa. Njia hii ni ya kurekebisha makosa tu. Ukiongeza maktaba mpya ya Bluetooth, lazima APK mpya, maana hiyo si skripti. Na usiibadilishe programu ikawa kitu kingine kwa mlango huo, maduka yote mawili, la Google na la Apple, yanakataza.

Hilo la huduma kufungwa lisikutishe, ila lichukulie kama hali ya hewa. Huduma ya kufungasha ya PhoneGap ilifungwa Oktoba 2020. Titanium ilinunuliwa na Axway mwaka 2016, nao wakaacha kuihudumia Machi 2022, ikabaki mikononi mwa watu wa kujitolea. Kwa sababu hiyo andika hesabu zako, foleni yako na kanuni zako za malipo kwenye mafaili ya JavaScript tupu yasiyotaja React Native hata mara moja. Skrini ziwe mbali. Siku ukihama zana, utahama na mafaili hayo kama yalivyo, na skrini sita utaziandika upya kwa wiki mbili.

Funguo ya kutia saini, yaani faili la siri linalothibitisha kwamba programu ni yako. Android haikubali toleo jipya la programu lisilotiwa saini na funguo ileile ya la kwanza. Ukisambaza APK mwenyewe kisha laptopu ikaibiwa na funguo ilikuwa humo tu, makarani wote watalazimika kufuta programu na kuweka nyingine, na kufuta kunaondoka na kumbukumbu ambazo bado ziko kwenye foleni. Nakala moja ikae kwenye flashi, flashi ikae kwenye kabati la chama pamoja na mihuri. Nywila iandikwe kwenye karatasi, mahali pengine.

Play Store si lazima kwa makarani kumi. Ukitaka, ni dola 25 mara moja. Lakini akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inadaiwa kwanza kufanya majaribio ya siku 14 mfululizo na watu wasiopungua 12. Walikuwa 20 hadi Desemba 2024. Anza mapema, maana kupata watu 12 watakaoacha programu kwenye simu zao wiki mbili ni kazi kuliko kuandika msimbo.

Tumefika kwa mwenyekiti. Kitaalamu React Native itampa programu kwenye iPhone yake kutoka kwenye msimbo uleule, na EAS inaweza kuifungasha bila wewe kuwa na Mac. Ila Apple wanataka dola 99 kila mwaka, chama kikisahau kulipa programu inaondolewa dukani, na yote hayo ni kwa ajili ya simu moja ya mtu ambaye hapimi parachichi. Anachotaka yeye ni kuona jumla ya kilo za siku kwa kila kituo. Hiyo ni tovuti. Mtengenezee ukurasa mmoja unaosoma kwenye seva, mwonyeshe namna ya kuuweka kwenye skrini ya mwanzo ya iPhone yake kwa kitufe cha kushiriki cha Safari, uwe na alama ya chama. Utaonekana kama programu nyingine yoyote. Yeye ofisini ana mtandao, WebView ya kizamani haimhusu, na hilo koti kwake linatosha.